MNARA WA TAA ULIO PEKE YAKE KATIKATI YA ZIWA

Maneno ya hotuba juu ya mnara wa Stannard Rock katika Ziwa Superior, jinsi ulivyojengwa na jinsi unavyotunzwa



Mtu aliyezaliwa Kisumu, Homa Bay au Mbita hahitaji kuambiwa ziwa ni kitu gani. Anajua ya kwamba maji matamu yaweza kuua kama maji ya chumvi, na ya kwamba upepo wa usiku hauulizi kama chombo ni cha tajiri au cha maskini. Kwa hiyo habari ya leo, ingawa ni ya nchi ya mbali, haitakuwa ngeni masikioni mwenu. Ni habari ya mnara wa taa uliojengwa katikati ya ziwa, mbali na nchi kavu. Ya watu waliokaa humo ili wengine wapite salama. Na ya swali lililokuja baadaye, walipoondoka: je, mnara usio na mtu unastahili kutunzwa?

Ziwa lenyewe laitwa Superior, nalo liko mpakani mwa Marekani na Kanada. Katika maziwa yote ya maji matamu duniani, hilo ndilo la kwanza kwa upana wa uso wake, yapata maili za mraba 31,700; na la pili ni Ziwa Victoria letu, lenye maili za mraba 26,600 hivi. Lakini kwa kina maziwa haya hayafanani kabisa. Ziwa Victoria halipiti sana futi 270 mahali pake penye kina kikubwa, na Superior lafika futi 1,330. Maji yake ni baridi mwaka mzima, na wakati wa kipupwe barafu hufunika sehemu kubwa ya uso wake, mwaka mwingine zaidi na mwaka mwingine kidogo.

Sasa fikirini mlima uliosimama chini ya maji hayo, ambao kilele chake kimekaribia uso wa ziwa bila kujionyesha. Kuzunguka kote ni kina kirefu, na nahodha akitupa bildi yake haoni dalili yoyote ya hatari mpaka chombo kiwe kimefika mwambani. Mahali hapo pako maili 24 kutoka kisiwa cha Manitou, ambacho ndicho nchi kavu iliyo karibu zaidi, na zaidi ya maili 40 kutoka mji wa Marquette. Mtu akiwa juu ya sitaha ya merikebu haoni pwani upande wowote. Ni nani atakayedhani ya kwamba kuna mwamba hapo?

Aliyeugundua ni nahodha Charles C. Stannard, mwaka wa 1835, alipokuwa akiendesha merikebu iitwayo John Jacob Astor, mali ya kampuni ya biashara ya ngozi. Mwamba ukapewa jina lake, nao waitwa Stannard Rock hata leo. Katika siku zile vyombo vilikuwa vichache, na hatari yake ilikuwa ya wachache. Lakini mwaka wa 1855 ulifunguliwa mfereji wenye milango ya maji mahali paitwapo Sault Ste. Marie, ambapo mto utokao Ziwa Superior huanguka kwa kadiri ya futi 21. Kabla ya hapo mizigo ilipakuliwa na kubebwa nchi kavu ili kuyapita maporomoko. Baada ya hapo merikebu ziliweza kupita zenyewe, zikipandishwa na kushushwa ndani ya milango hiyo. Basi mawe ya chuma ya Marquette yakaanza kusafirishwa kwa wingi kwenda viwandani, na kila mwaka vyombo viliongezeka. Njia ya vyombo hivyo ilipita karibu na mwamba uliofichika.

Watu wa serikali waliohusika na minara walitambua ya kwamba hapana budi pawekwe taa. Lakini kutambua ni jambo moja, na kujenga ni jambo jingine. Utajengaje nyumba ya mawe mahali pasipo ardhi, katika ziwa lenye mawimbi makubwa na barafu? Kwanza, mwaka wa 1868, waliweka alama isiyo na taa juu ya mwamba, ili manahodha waione mchana, na ili wenyewe wajue kama kitu kilichojengwa na mikono ya watu chaweza kusimama pale. Alama ile ilisimama. Ndipo wakapata moyo wa kufikiri mambo makubwa zaidi.

Hata hivyo hawakukimbilia kazi ile ngumu mara moja. Katika ziwa jirani liitwalo Huron palikuwa na mwamba mwingine wa hatari, Spectacle Reef, nao ulikuwa karibu zaidi na pwani. Mhandisi mkuu alikuwa Orlando M. Poe, askari aliyekwisha kujulikana tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kazi ya Spectacle Reef ilianza mwaka wa 1870 na kwisha mwaka wa 1874. Katika majira ya kuchipua ya mwaka ule, walinzi walipofika waliona barafu imejirundika kuuzunguka mnara kwa kimo cha futi 30, hata ikauziba mlango, wakalazimika kuikata ndipo wakaingia. Ndani walikuta mnara mzima, haukuvunjika wala kutikisika. Mafunzo ya kazi ile, na hata vyombo vyake na mitambo yake, ndivyo vilivyopelekwa baadaye Ziwa Superior kwa ajili ya Stannard Rock. Mwenye busara hujaribu kamba yake kisimani kabla ya kuishusha baharini.

Ujenzi wa Stannard Rock ulianza mwaka wa 1877. Mahali pa kutengenezea vifaa palikuwa pwani, katika ghuba ya Huron, na kila kitu kilipelekwa mwambani kwa merikebu: mbao, chuma, saruji, mawe, maji ya kunywa na chakula. Kazi ilifanyika majira ya joto tu, maana dhoruba za masika na barafu za kipupwe ziliwafukuza watu. Nayo majira ya joto huko ni mafupi. Na hata katika siku zake njema, palikuwa na siku nyingi ambazo wafanyakazi waliketi kitako wakiyatazama mawimbi, kwa kuwa hakuna jiwe lililoweza kushushwa.

Msingi wake ulifanywa hivi. Walitengeneza pipa kubwa la chuma lisilo na kitako, lenye upana wa futi 62, wakalisimamisha juu ya mwamba. Ndani yake wakamimina zege mpaka likajaa na kuwa kama jiwe moja. Juu ya msingi huo wakajenga mnara wa mawe ya chokaa, mawe yaliyokatwa kwa vipimo na kushikamanishwa barabara. Taa iliwekwa yapata futi 102 juu ya maji. Kazi ile ilichukua miaka mitano, na taa ikawashwa mara ya kwanza tarehe 4 Julai 1882, siku ambayo Wamarekani huadhimisha uhuru wao. Hata leo wahandisi huhesabu mnara ule miongoni mwa kazi kubwa za ujenzi zilizofanywa katika nchi ile, maana umepigwa na mawimbi kwa zaidi ya miaka 140, nao umesimama.

Huenda mtu akauliza: taa ya mafuta yaonekanaje umbali wa maili nyingi? Jibu ni kioo. Mfaransa mmoja, Augustin Fresnel, aligundua ya kwamba nuru ya taa ikizungukwa na vipande vya kioo vilivyochongwa na kupangwa kama duara ndani ya duara, basi miale yote ambayo ingepotea juu na chini hupindwa na kuelekezwa mbele, mahali penye vyombo. Kioo cha namna hiyo kilianza kutumika nchini Ufaransa mwaka wa 1823, kisha kikaenea dunia nzima. Kile kilichowekwa Stannard Rock kilikuwa cha daraja la pili kwa ukubwa, kirefu kupita kimo cha mtu. Ndani yake utambi mdogo wa mafuta ya taa ulitosha kumwonya nahodha aliye mbali gizani.

Lakini kioo hakijisafishi, wala utambi haujikati. Kwa hiyo tuseme habari za watu.

Walinzi wa Stannard Rock walikwenda mnarani barafu ilipoyeyuka na kurudi pwani ilipokaribia kufunga, mwishoni mwa mwaka. Minara mingi ya pwani ilikuwa na nyumba ya familia, bustani na mbuzi. Huku hapakuwa na kitu kama hicho. Wake na watoto hawakuruhusiwa kukaa. Uwanja wao ulikuwa ule msingi wa futi 62, na mtu aliyetaka kutembea alizunguka mnara, akazunguka tena. Usiku walipokezana zamu kuilinda taa isizimike. Ukungu uliposhuka walipiga honi ya mvuke saa baada ya saa, na mwenye zamu ya kulala alilala katika kelele ile. Katika majira ya dhoruba maji yaliyorushwa na upepo yaliganda juu ya kuta na milango yakawa barafu. Meli ya kuwabadilisha ikizuiwa na mawimbi, walingoja. Faraja yao kubwa ilikuwa uvuvi, maana karibu na mwamba ule wako samaki wakubwa wa jamii ya trauti, na wavuvi huenda huko kuwafuata hata sasa. Watu wakapaita mahali pale mahali pa upweke kupita pote Amerika ya Kaskazini.

Yafaa tukumbuke ya kwamba watu wale karibu hawakupata kumwona mtu waliyemwokoa. Zima-moto humtoa mtoto katika nyumba inayowaka, naye husikia shukrani za mama yake. Mlinzi wa taa huona nuru za merikebu zikipita mbali, kisha zikipotea. Kazi yake ikifanyika sawasawa, hakuna linalotokea. Hiyo ndiyo sifa ya kazi nyingi za maana duniani: matunda yake ni msiba usiokuja.

Mwaka wa 1939 idara ya minara iliunganishwa na jeshi la Walinzi wa Pwani, na polepole vijana wa jeshi hilo wakachukua mahali pa walinzi wa zamani. Baada ya miaka ikaja mitambo. Serikali ikaamua ya kwamba taa ya Stannard Rock ifanywe kuwa ya kujiwasha yenyewe, na matayarisho yakaanza. Ndipo likatokea jambo la huzuni. Usiku wa tarehe 18 Juni 1961, mafuta na gesi vililipuka ndani ya mnara. Kijana mmoja alikufa, na mwingine aliumia vibaya. Watatu waliosalia walijibanza nje, juu ya msingi, wakiwa na chakula kidogo, huku moto ukiteketeza vyumba ndani, wala hawakuwa na njia ya kuwaita watu wa pwani. Yapata siku mbili zilipita mpaka meli iitwayo Woodrush ilipofika na kuwachukua. Watu waliokuwa wamewekwa pale kuwaonya wengine hawakuwa na wa kuwaonya wao. Mwaka uliofuata, 1962, taa ikaachwa iwake bila mtu.

Kwa hesabu ya fedha na ya maisha, uamuzi ule ulikuwa wa haki. Hakuna mtu mwema atakayetaka vijana warudishwe mahali pale ili wakate tambi, ikiwa mtambo waweza kufanya kazi hiyo. Lakini kila kitu kina upande wake wa pili. Nyumba isiyokaliwa huanza kufa. Kutu hula chuma, maji hupenya katika nyufa na kuganda, na yakiganda hupanuka na kuzidi kuupasua ukuta. Ndege huingia madirishani. Kile kioo kizuri kilitolewa, na kwa miaka mingi watu walidhani kimevunjwa au kimepotea. Kisha vikaja vyombo vya kisasa vinavyomwambia nahodha mahali alipo kwa msaada wa setilaiti, na wengi wakaanza kusema: minara ya kazi gani tena?

Jibu moja lilipatikana katika ziwa hilo hilo. Tarehe 10 Novemba 1975 meli kubwa ya mizigo, Edmund Fitzgerald, ilizama katika dhoruba pamoja na watu wote 29 waliokuwamo. Jioni ile rada zake zilikuwa zimeharibika, na nahodha aliwauliza wenziwe kwa redio kama taa na mnara wa redio wa Whitefish Point vinafanya kazi, maana vilikuwa vimezimika kwa kukosa umeme. Sababu ya kuzama kwake inabishaniwa hata leo, wala hakuna awezaye kusema ya kwamba taa ingaliiokoa. Lakini swali lake linatosha kutufundisha. Vyombo vya ndani vikishindwa, baharia huinua macho kutafuta nuru. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Katika mwaka wa 2000 Marekani ilitunga sheria ya kuhifadhi minara ya kale. Kwa sheria hiyo, mnara ambao serikali kuu haiuhitaji tena waweza kutolewa bure kwa halmashauri, kwa idara nyingine, au kwa chama kisichotafuta faida, mradi watakaoupokea waahidi kuutunza na kuutumia kwa elimu na kwa manufaa ya watu wote. Asipopatikana wa kuupokea, huuzwa mnadani. Ni sheria nzuri, na minara mingi ya pwani imepona kwayo, kwa kuwa wageni huja, hulipa kiingilio, na fedha ile hununua rangi na chokaa. Lakini mnara ulio katikati ya ziwa hauna wageni wa namna hiyo. Fundi mmoja akitaka kuziba ufa mmoja, hana budi kukodi chombo, kuchukua saruji na chakula chake, na kungoja siku ya utulivu. Na pengine akifika karibu, mawimbi humkataza kushuka, akarudi bila kuupiga ukuta hata nyundo moja. Kwa hiyo mapenzi matupu hayatoshi kuutunza mnara kama huo. Sharti uwe na kazi.

Na kazi ikapatikana. Mwaka wa 2007 maji ya Ziwa Superior yalishuka sana, hata katika miezi ya Agosti na Septemba yakawa chini kuliko miezi hiyo ilivyopata kuandikwa. Jambo hilo liliwagusa watu mifukoni, maana maji yakipungua, meli hupunguza shehena ili isipige chini. Watu wakauliza maji yamekwenda wapi. Sehemu yake hutoka kwa mto. Sehemu nyingine hugeuka mvuke na kupanda angani. Lakini nani aliyepata kuupima mvuke ule katikati ya ziwa lenyewe? Mwaka wa 2008 wataalamu wa Marekani na Kanada waliweka vipimo juu ya Stannard Rock, vya kupima upepo na unyevu wa hewa mara nyingi katika kila sekunde moja. Hapakuwa na mahali pengine pa kuvisimamisha imara, mbali na nchi kavu, juu ya mawimbi. Wajenzi wa mwaka wa 1877 walikuwa wamewajengea meza bila kujua.

Habari zilizopatikana huenda zikawashangaza wengi. Mtu angedhani ya kwamba ziwa hukauka zaidi wakati wa jua kali. Katika Superior ni kinyume. Majira ya kuchipua na mwanzo wa joto, maji bado ni baridi kuliko hewa, na mvuke ni kidogo mno. Ni masika na kipupwe, wakati pepo kavu za baridi kali zinapopita juu ya maji ambayo bado yamehifadhi joto la siku zilizopita, ndipo ziwa linapotoa mvuke kwa wingi. Kwa hiyo mpimaji anahitaji habari zaidi katika miezi ile ile ambayo hakuna chombo kinachothubutu kukaa ziwani. Mnara peke yake ndio unaoweza kukaa.

Sisi wa upande huu tunalo la kutafakari hapo. Katika Ziwa Victoria pia, sehemu iliyo kubwa kabisa ya maji yanayotoka haipiti mto Nile, bali hupanda angani kuwa mvuke. Mwaka wa 2020 ziwa hilo lilipanda kupita alama ya mwaka wa 1964, na watu wa pwani zake waliona maji yakiingia mashambani na majumbani. Mwenye kutaka kujua ziwa litapanda au litashuka, hana budi kulipima daima, siku za shida na siku za raha.

Mwaka wa 2015 mnara wa Stannard Rock ulikabidhiwa kwa chama cha kuhifadhi maji na ardhi, Superior Watershed Partnership cha Marquette, ili uendelee kutumika kwa uchunguzi wa hali ya hewa na ya ziwa. Taa yake inaendelea kujiwasha yenyewe. Na kile kioo? Mwaka wa 1999 kilionekana ndani ya makasha, katika ghala la Walinzi wa Pwani, hakikuvunjwa kama watu walivyodhani. Kikarudishwa Marquette, na sasa kimewekwa katika jumba la makumbusho ya bahari la mji huo, ambako mtoto wa shule aweza kusimama mbele yake na kuona jinsi nuru inavyopindwa.

Basi hilo ndilo jibu la swali tuliloanza nalo. Watu huhifadhi kitu cha kale kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kukiweka mahali pa salama kitazamwe, kama kioo kile. Nayo ni namna njema, kwa vitu vilivyokwisha kumaliza kazi yao. Namna ya pili ni kukitafutia kazi mpya inayolingana na nguvu zake, kama mnara wenyewe. Walioujenga hawakujua chochote juu ya setilaiti wala vipimo vya mvuke. Walijua tu ya kwamba mahali pale pana hatari, na ya kwamba kinachojengwa kwa ajili ya wageni wapitao usiku hakipaswi kujengwa kwa ulegevu. Kwa sababu waliujenga vema, wajukuu wao walipopata haja mpya, walikuta mnara umesimama ukiwangoja.

Kabla ya kubomoa kitu cha wazee, au kukiacha kioze, na tuulize kwanza: je, hakuna kazi ambayo chaweza kutufanyia bado?